Mchanga wa Kibirizi

Leo siku ya tano na maneno ya mama bado yananizunguka kichwani. Mama anaanika dagaa mchangani, nami nilisema nitamnunulia waya wa neti tumtengenezee chanja ya kuanikia juu, basi nimenunua, roli zima, nikaupakia kwenye bajaji mpaka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mama akauangalia, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, mchanga huu ndio umekusomesha."

Hakuongeza neno. Akarudi kugeuza dagaa wake.

Sikumwambia mchanga ni mbaya jamani, nilisema tu dagaa wa chanja hawana michanga, upepo unapita chini wanakauka upesi na bei yao inakuwa nzuri, na hayo yote anayajua maana jirani yake anaanika juu. Ila "ndio umekusomesha", alivyolisema ni kama vile namkana.

Chuoni tulisomeshwa utafiti wa Samuelson na Zeckhauser wa mwaka 1988 kule Marekani, waliwauliza watu, ukirithi hela utaziweka wapi? Wakiambiwa hela tayari zimeshawekwa mahali fulani, waliochagua kuziacha hapohapo waliongezeka. Nikasema huyu ndo mama kabisa.

Lakini jana usiku nikakumbuka taa. Karabai za mtumbwi wa marehemu baba mama aliziuza wiki ileile alipoona taa za sola, hakumuuliza mtu. Kwa hiyo vipya haviogopi. Taa ni za wavuvi, huko ziwani usiku yeye hayupo, mchanga ndo wake. Anapita peku pembeni ya dagaa anajua joto limeshika kiasi gani, anawachota kiganjani anawatikisa, kwa mlio tu anakwambia hawa bado. Kwenye chanja itabidi aanze kuuliza, tena amuulize jirani ambaye mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuanika. Hilo sikuliwaza kabisa nilipokuwa nahangaika na bajaji.

Leo asubuhi nimepita nikakuta waya ameukunjua, kauegemeza ukutani, kaanikia kanga zake mbili. Moyo ukawa mwepesi ghafla. Sikusema kitu, nimekaa tukachambua dagaa wa mwisho mwisho, maana mwezi umeshakuwa mkubwa mitumbwi haitoki.