Bata Mzinga Aliyeniona Kwanza

Jumamosi ya mwisho ya Aprili 2019, saa kumi alfajiri, mzee mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi ghalani alinipitia nyumbani kwangu Lexington, katika jimbo la Kentucky, akanipeleka hadi shamba la shemeji yake ili nikajaribu kuwinda bata mzinga wa mwituni. Leseni nilikuwa nayo, mafunzo ya usalama nilikuwa nimeyamaliza, na bunduki ya marisau aliniazima yeye. Kabla hatujashuka garini aliniamuru nivue kofia yangu nyekundu, kwa sababu kichwa cha dume majira hayo huwa chekundu, cheupe na buluu, na mwindaji mwenye pupa akiona wekundu ukichezacheza kichakani anaweza kufyatua kabla hajauliza ni nani.

Tulisimama gizani ukingoni mwa msitu, naye akakusanya viganja mdomoni akalia kama bundi. Kwetu Tanga bundi akilia karibu na nyumba hufukuzwa, maana ni uchuro. Huku mlio ule ulijibiwa papo hapo, gulugulugulu, kutoka juu ya mti alikolala dume. Ndiyo hila yenyewe: dume hushtuka akaitikia, nawe ukajua alipo bila kumwonyesha ulipo. Tulinyemelea mpaka zikabaki kama mita 100, tukaketi tumeegemea mwaloni mpana kuliko mabega yetu, na hatua 20 mbele yetu akachomeka sanamu ya jike.

Nilidhani sasa ataita mfululizo. Alikwaruza kijiti juu ya kibao cha jiwe mara tatu, sauti ya jike anayeamka, kisha akakiweka kibao mapajani. Nilipomnong'oneza aongeze, alitikisa kichwa. Kwa kawaida jike ndiye amfuataye dume, alinieleza baadaye, nasi tulikuwa tukimtaka dume afanye kinyume. Akiitwa kupita kiasi husimama pale pale akangoja afuatwe. Kulipopambazuka dume alishuka, akaondoka na majike halisi nyuma ya kilima. Mimi nilikuwa tayari kwenda kunywa chai.

Mzee hakubanduka. Asubuhi ikisonga, alisema, majike huenda kutaga na dume hubaki mpweke. Ilipokaribia saa tatu aliita tena mara mbili tu, halafu akachakura majani makavu kwa vidole, kama jike atafutaye wadudu. Hapakuwa na jibu. Baada ya muda nilisikia, au tuseme nilihisi kifuani, mvumo mzito kama ngoma iliyofunikwa blanketi, na dume akatokea kwenye njia ya trekta, mkia ameutandaza kama upepeo, manyoya yaking'aa rangi ya shaba. Nilikuwa nimeonywa nisifyatue mpaka aifikie sanamu. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya goti langu la kushoto, na goti hilo lilikuwa limekufa ganzi. Nililisogeza, si zaidi ya upana wa kiganja. Shingo ikanyooka, ukatoka mlio mmoja mfupi, mkavu, na nilipoinua bunduki nilikuwa nikilenga majani matupu.

Mzee hakunilaumu. Aling'oa sanamu, akanionyesha topeni alipopita dume: nyayo za vidole vitatu na, kando yake, mistari myembamba iliyochorwa na ncha za mbawa alipokuwa akijigamba. Nilihesabu hatua kutoka pale hadi kwenye mwaloni wetu. Zilikuwa 34.