Nilivyoandaa igizo la wanawake kuhusu miili yao

Kila mwanamke anayeuonea aibu mwili wake ana sentensi aliyoambiwa, na anamkumbuka aliyeisema. Hapo ndipo ninapoanzia. Nikiuliza "unajisikiaje kuhusu mwili wako?" napata hotuba. Kwa hiyo nawapa waigizaji wanne karatasi na dakika 20: andika maneno uliyoambiwa, kama yalivyotamkwa, bila maelezo. "Umekwisha mama, unaumwa nini?" "Kibonge, sogea wengine wakae." "Hilo tumbo ni la miezi mingapi?"

Kisha nauliza: uliposikia hayo, mikono yako ilifanya nini? Mwanamke anaweza kusahau alichohisi, lakini mikono inakumbuka. Mmoja huvuta blauzi chini, mwingine hupakata mkoba tumboni kila akikaa, mwingine huziba mdomo akicheka. Kila simulizi naijengea ishara moja ya mkono, na ishara hiyo hairudiwi zaidi ya mara tatu. Ikizidi, watazamaji huanza kuihesabu badala ya kuiona.

Eve Ensler, mwandishi wa maigizo wa Marekani, alipopeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 2004, igizo lake lililoanzia kwenye tumbo lake mwenyewe, alisimama jukwaani peke yake. Kwetu napendelea waigizaji wanne, kwa sababu ya familia. Sentensi nyingi zilisemwa na mama au shangazi, na huenda mwenyewe ameketi kwenye benchi la mbele. Basi mwenye simulizi hasemi maneno ya shangazi yake. Anayasema mwenzake, na uhusiano tunaubadilisha: shangazi anakuwa jirani. Uchungu unabaki, mtu hatambuliki.

Simulizi moja isizidi dakika 5. Kwa kasi ya jukwaani nakadiria maneno 100 kwa dakika, yaani maneno 500 kwa simulizi. Simulizi saba zinatosha onyesho la dakika 40, pamoja na nyimbo. Nazipanga kama shanga: kila moja inajitegemea, ukiichomoa uzi haukatiki. Ni lazima iwe hivyo, maana kila mwigizaji ana haki ya kuondoa simulizi yake hata saa moja kabla ya pazia, na haulizwi sababu.

Kinachoharibu zaidi ni machozi. Wiki ya kwanza mtu akilia mazoezini, kundi zima huamini limepata kipande chenye nguvu. Jukwaani mambo hugeuka: watazamaji wanaacha kusikiliza, wanaanza kumwonea huruma mtu halisi, na kuna atakayeinuka kwenda kumfuta machozi. Kipimo changu ni kumtaka aisimulie simulizi yake siku tatu tofauti. Kama siku ya tatu bado hafiki mwisho, jeraha ni bichi. Tunaiweka kando na hatuibembelezi. Naomba wanaoongoza makundi walishike hili kwa nguvu zote. Hakuna onyesho lenye thamani ya kumfungua mtu kidonda usichoweza kukifunga.

Vifaa ni vichache. Kioo halisi kinarudisha mwanga machoni mwa watazamaji na kumfanya mwigizaji awape mgongo, hivyo natumia fremu tupu ya mbao, sentimita 60 kwa 150. Anajitazama humo huku sisi tukimwona uso. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni futikamba ya fundi cherehani. Mwigizaji anajipima mwenyewe, anasoma kwa sauti ya fundi: "Kifua 42. Kiuno 38. Hipsi 46." Baada ya kila namba ananyamaza, na mwenzake anatamka sentensi iliyosemwa kuhusu sehemu hiyo. Mwisho anaiachia futikamba ianguke sakafuni. Sakafu iwe ya mbao au saruji tupu; kwenye zulia ule mlio mdogo wa ncha ya chuma haupatikani.

Taa ziwe mbili, kutoka mbele kwa pembe ya nyuzi 45. Taa ya juu kichwani huchora kivuli chini ya matiti na tumbo, na jukwaa linaanza kumsuta yule yule tuliyekuja kumtetea.

Kibali kisisahaulike. Igizo jingine la Ensler, la kabla ya hilo, The Vagina Monologues, lilizuiwa Uganda mwaka 2005. Tanzania kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo mswada wa igizo nauwasilisha mapema, ukiwa na maneno yale yale yatakayosemwa jukwaani.

Kwa vazi, kila mmoja huja na khanga ambayo jina lake linajibu sentensi aliyoambiwa. "Mtasema mchana usiku mtalala" ikitandazwa mbele ya taa, wanawake ukumbini huisoma kwa pamoja bila kuombwa.

Onyesho likiisha, waigizaji wanapata dakika 10 chumbani, mlango umefungwa, wanawe uso na kunywa maji. Huko nje ndugu watauliza, "Hivi yale ni ya kweli?" Jibu tumeshalifanyia mazoezi pamoja na mengine: "Ni igizo. Wewe uliambiwa nini?"