Bustani niliyoipima kwa ndoo

Bustani yetu ya Uyole, Mbeya, ilikuwa na matuta manane, kila moja mita 1 kwa 5, na mwenye kuibeba mgongoni hakuwa mimi. Alikuwa kijana wetu mkubwa. Julai alipokwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mwezi huohuo mama mkwe alihamia kwetu kutoka Rungwe kwa sababu ya magoti. Mikono ikapungua, midomo ikabaki ileile, na ilikuwa katikati ya kiangazi. Ninachoeleza hapa ni namna nilivyoikata bustani mpaka ikaenea ndani ya muda nilio nao, bila kuuza Jumamosi yangu.

Nilianza na hesabu ya maji, maana huku Nyanda za Juu kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba, bustani ni maji tu. Tuta la mboga za majani kwenye kiangazi chetu linataka kama lita 4 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta manane ni mita za mraba 40, yaani lita 160, yaani ndoo nane za lita 20. Ndoo moja, tangu kuijaza bombani hadi kuimwaga kwa keni ya kumwagilia, ilinichukua dakika sita. Zidisha: dakika 48 kila jioni, saa tano na nusu kwa wiki, kabla hujang'oa gugu hata moja. Watu hupima bustani kwa hatua za miguu. Ipime kwa ndoo, ndipo utajua kama unaiweza.

Matuta manne nikayapumzisha kwa kupanda njegere na maharage mvua zilipoanza, mazao ambayo mvua yenyewe inayalea. Manne yaliyobaki nikayapa matandazo. Udongo wa Uyole ni wa volkano, mwepesi, una vichangarawe vya pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu. Maji unayamwaga yanapotea kama umemwaga kwenye chujio. Kwa hiyo kabla ya matandazo huja mboji: toroli mbili kwa kila tuta, ikachanganywa na udongo wa juu kina cha jembe. Samadi mbichi usiiguse. Inaunguza mizizi, inaleta magugu yaliyopita tumboni mwa ng'ombe, na inawavutia sota, wale viwavi wanaokata mche usiku ukaukuta asubuhi umelala kama umefyekwa. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, wala haina harufu ya zizi.

Matandazo yenyewe ni nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 7. Zikatwe kabla hazijatoa mbegu, la sivyo unapanda magugu kwa mkono wako mwenyewe. Ziache mbali na shina upana wa vidole vinne. Zikigusa shina, sota na konokono wanapata nyumba karibu na chakula. Mvua zikikolea mwezi Januari ninapunguza nyasi libaki tabaka jembamba tu, kwa sababu konokono wa masika ni balaa kuliko jua la kiangazi.

Baada ya matandazo nilibadili pia mtindo wa kumwagilia. Badala ya kidogo kila siku, lita 6 kwa mita ya mraba, mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni. Kwa matuta manne ni ndoo sita kila zamu, dakika 36. Maji machache ya kila siku huishia juu, mizizi nayo inabaki juu kuyangojea. Ukikosa siku moja mboga zinalegea. Maji mengi kwa mpigo yanaishusha mizizi. Pengo la Ijumaa hadi Jumatatu linavumilika Juni, Julai na Agosti, maana baridi haikaushi sana. Oktoba halivumiliki. Mwezi huo naongeza Jumapili alfajiri, tena sijadili.

Tuta moja kati ya hayo manne lina mpira wa matone. Ndoo ya lita 20 iko juu ya stendi ya mita 1, chini yake inatoka mipira miwili inayotambaa kwenye tuta. Unaijaza ndoo unaondoka. Ubovu wake mkubwa ni kuziba. Funga kitambaa cha pamba kwenye tundu la ndani ya ndoo, na kila Jumatatu fungua ncha ya mpira maji yatoke kwa kasi yaondoe matope. Stendi ikiwa chini ya mita hiyo 1, mimea ya mwisho wa mpira inapata jasho tu. Chupa za plastiki zilizotobolewa vifuniko nilizijaribu. Tundu dogo linaziba kwa siku mbili, tundu kubwa linamaliza maji kwa robo saa. Zinafaa kwa mche mmoja wa parachichi, si kwa tuta.

Kuchagua mboga ndiko kulikoniokoa zaidi ya mpira huo. Nyumba ambayo ratiba yake imevurugika inahitaji mboga zinazosubiri. Sukuma wiki inasubiri: usipoichuma wiki hii, utaichuma ijayo. Miche 40, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, ukichuma majani matatu ya chini kwa kila mche kila wiki, inatutosha watu sita kwa milo mitatu. Spinachi inasubiri. Karoti inasubiri kuliko zote; ikishakomaa inakaa ardhini wiki kadhaa kwenye baridi yetu bila kulalamika. Chainizi haina subira, ukichelewa inapandisha maua, na kabichi iliyokomaa mvua ikiipiga inapasuka. Nyanya za masika nimeziacha kabisa. Mvua, ukungu wa asubuhi na baridi ni karamu ya ugonjwa wa bakajani chelewa. Bila kupulizia dawa kila wiki tuta zima linaungua kwa siku chache, na anayepulizia anatakiwa awe nyumbani, mvua ikinyesha arudie. Kiangazi nako kuna kantangaze, mdudu anayechimba majani mpaka yawe kama karatasi. Nyanya nanunua sokoni kwa moyo mkunjufu.

Kwenye sukuma, adui wa kiangazi ni vidukari. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwenye lita 5, unapulizia chini ya majani jioni, unarudia baada ya siku tano. Ukizidisha sabuni au ukipulizia saa saba mchana, majani yanababuka, na utadhani ni ugonjwa mpya.

Sasa nije kwa Bibi, yaani mama mkwe, maana hapo ndipo nilikosea mara mbili. Magoti yake hayapigi tena goti ardhini, lakini mikono ni ya mtu aliyelima maisha yake yote, na kumketisha kivulini achambue maharage tu ni kumzeesha. Nilianza kwa kumjengea tuta la matofali lenye kimo cha sentimita 60, likiegemea ukuta wa jiko. Kosa la kwanza: udongo wenye maji ukiegemea ukuta, unyevu unapanda kwenye plasta, rangi inavimba na kubanduka. Kosa la pili: mtu aliyeketi mbele ya ukuta wa matofali hana pa kuingiza magoti. Anakaa upande, anapinda kiuno, na jioni maumivu ya magoti yamepata mwenzake.

Kilichofaa ni meza. Sanduku la mbao za paini, urefu mita 2, upana sentimita 60, kina sentimita 20, juu ya miguu ya mlingoti (mkaratusi) unene wa mkono. Upana usizidi hapo kama anafanya kazi upande mmoja. Mkono wa mtu aliyeketi haufiki mbali. Chini ya sanduku acha sentimita 65 za magoti. Ukingo wa juu unafika 85, kwa hiyo kiti kiwe na mto. Na akichoka kukaa anasimama na kuegemea, kimo kilekile kinamfaa. Sehemu ya miguu inayoingia ardhini ipake oili chafu kwa ajili ya mchwa, na isiguse udongo wa kupandia. Mbao za chini ziachiane upana wa kidole kidogo, kisha tandika kiroba cha kusokotwa kinachopitisha maji. Nailoni isiyo na matundu inageuza sanduku kuwa bwawa.

Linaingia ndoo 12: sita za udongo, nne za mboji, mbili za maganda ya mpunga yanayotupwa kwenye mashine za kukoboa. Maganda yanaupa udongo wepesi, nao wepesi si anasa hapo. Mchanganyiko huo ukilowa unakaribia kilo 300. Mimi niliweka miguu minne, mvua ya kwanza katikati pakabonyea kama kitanda cha kamba. Weka sita, jozi moja katikati.

Kwa kuwa kina ni kifupi, meza inakauka upesi na inataka maji kila siku, lita 6 hivi. Bibi anazimwaga mwenyewe kwa jagi la lita 2, mara tatu, akizunguka na kijiti chake cha kuchokonoa udongo. Anapanda mnafu, mchicha, giligilani na vitunguu vya majani. Mchicha anaupanda kwa vipande vya nusu mita kila baada ya wiki mbili ili usiive wote siku moja. Cha kupanda anaamua yeye. Niliwahi kumpangia spinachi, akanitazama akasema, "Mwanangu, hii ni meza yangu au yako?" Tangu hapo nauliza.

Ncha moja ya meza imekuwa kitalu cha bustani nzima. Mbegu ya sukuma inafukiwa sentimita 1, mistari ikiachiana 10, nyasi nyembamba juu mpaka iote, kisha zinaondolewa mara moja; ukichelewa miche inarefuka na kupauka ikitafuta mwanga. Inahamishwa ikiwa na majani manne hadi matano, wiki ya nne hadi ya sita, na baridi ikizidi inachukua muda zaidi. Faida nyingine ya kitalu cha mezani: kuku hawafiki kirahisi. Kuku mmoja dakika tano kwenye kitalu cha chini, umerudi mwanzo wa mwezi.

Juni na Julai kuna usiku wa kuogopa. Anga ikiwa safi, upepo umetulia na nyota zimejaa, miaka mingine umande unaganda kwenye majani. Hewa ya baridi inateremka kama maji, inajikusanya mabondeni, kwa hiyo tuta la chini kabisa ndilo linaloungua kwanza. Maharage, maboga na nyanya havivumilii. Karoti, sukuma na njegere changa vinastahimili. Mimi siku kama hiyo namwagilia mchana, kwa sababu udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu, na jioni nafunika kitalu kwa turubai lililoinuliwa juu ya fito. Turubai likilala juu ya majani, yanayogusana nalo yanaungua vilevile. Asubuhi jua likishapanda unalitoa.

Haya yote yalifanywa ili kazi yote ya jembe iishe Ijumaa. Jumamosi asubuhi ni dobi na soko, saa tisa nina mazoezi ya kwaya. Mume wangu ana mpira wake, uwanja wa Sokoine au kwenye kibanda cha kuonyesha mechi. Bibi ana bao na mjukuu wa mwisho, na hampi hata kete moja ya huruma. Kanuni ni moja: mtu akiniona nimeshika jembe Jumamosi aninyang'anye. Palizi niliigawa iwe robo saa asubuhi, Jumanne na Alhamisi, tuta moja moja. Gugu la wiki moja linang'oka kwa vidole viwili. La wiki tatu linataka jembe, na jembe linakata mizizi ya mboga.

Kutoka kwa siku nzima kunategemea msimu. Ziwa Ngozi ni la kiangazi: unashuka Isongole kwenye barabara ya Tukuyu, unapanda msituni kwa miguu mpaka ukingo wa kreta, na masika njia hiyo ni utelezi mtupu. Daraja la Mungu pale Kiwira linafaa wakati wowote, na Bibi anaweza kulifikia bila kupanda mlima. Kitulo ndiyo inayogombana na bustani. Maua yake, yaliyofanya watu waite Bustani ya Mungu hata kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, yanachanua kati ya Novemba na Aprili, wakati uleule magugu yanakimbizana na maharage. Tunakwenda baada ya palizi ya kwanza ya maharage, wiki ya tatu hivi tangu yaote, kwa sababu kutoka hapo hadi palizi ya pili, kabla hayajatoa maua, kuna nafasi ya wiki mbili.

Safari ya siku tatu au nne, kama Matema kwenye Ziwa Nyasa, ina masharti. Jioni ya kuamkia safari namwaga lita 8 kwa mita ya mraba kwa awamu mbili, nusu saa kati yake, maana kwa mpigo mmoja zinatiririka kwenye mfereji. Nachuma kila jani lililokomaa. Mche wenye majani machache unakunywa kidogo. Meza ya Bibi haiwezi kusubiri, kwa hiyo jirani anapita kila jioni na lile jagi. Malipo yake ni mboga: sukuma na spinachi achume atakavyo. Mnafu aombe kwanza kwa simu, na aombe kwa Bibi, si kwangu.