Asubuhi tuliyong'oa antirinumu

Mama ndiye aliyeuona ugonjwa kwanza. Mimi nilikuwa nakata maua yaliyokwisha kunyauka, maana antirinumu, ua letu la bustanini, ukiiacha itunge mbegu, kuchanua kwake hupungua. Yeye akageuza jani moja la chini, akanyamaza, kisha akaniita: "Hebu njoo uone."

Kwa juu jani lilikuwa na madoa ya njano tu, ya kupuuzwa. Chini yake ndiko kulikokuwa na mambo: vipele vya kahawia vimejipanga kwa duara, na nilipovigusa vikaniachia ungaunga kidoleni. Kutu, ugonjwa wa kuvu. Unga ule ndio vijimbegu vya kuvu. Upepo kidogo, au tone la maji likiruka, basi umeshafika jani la jirani.

Sikutaka kusikia. Mimea ile niliilea tangu mbegu, na mbegu zenyewe ni kama vumbi. Hazifukiwi, kwa sababu zinataka mwanga ili ziote. Unazinyunyiza juu ya udongo na kuzikandamiza kidogo tu. Miche ilipofika sentimita 10 hivi niliikata ncha ili itoe matawi. Sasa ilikuwa imefika magotini, imejaa maua ya waridi na ya njano, yale ambayo ukiyabana mashavu yanafumbua mdomo. Nyuki wadogo walikuwa wakizunguka na kushindwa kuingia, mpaka aje yule mkubwa mwenye uzito wake: anatua kwenye mdomo wa chini, mlango unafunguka, anazama mzimamzima.

"Mama, si tukate majani yaliyougua tu?"

"Kata, mwanangu. Wiki ijayo utakata mengine."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi. Tukakagua tuta zima, shina kwa shina. Upande uliokuwa ukimwagiliwa jioni kwa mpira, majani yakilala yamelowa, hapakuwa na mche mzima. (Aliyekuwa akishika mpira namjua, tuyaache.) Pembeni, palipokuwa na nafasi na hewa ikipita, michache ilikuwa safi.

Nilikata kwanza vikonyo vyenye maua, vikajaa jagi. Mimea iliyougua tukaing'oa, tukaifunga ndani ya mfuko. Mama hakuruhusu hata jani moja liende kwenye mboji. Tuta lile tukalipanda maua ya jamii nyingine. Zile antirinumu za pembeni nikawa nazimwagilia mwenyewe, asubuhi, shinani.