Tanuri letu la uani limewaka!

Jamani, leo mikate ya kwanza imetoka! Ukigonga kitako inalia ko ko ko, na nyumba nzima inanukia.

Udongo tulichimba kwenye kichuguu, maana unashikana kweli kweli. Tukauchanganya na mchanga, tukaukanyaga kwa miguu mpaka donge likidondoshwa halipasuki. Kuba tulilijenga juu ya lundo la mchanga wenye unyevu lililofunikwa magazeti yaliyoloa. Udongo ulipokaza, tukauchota mchanga wote kupitia mlangoni. Kimo cha mlango kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha ndani: moshi unatoka, joto linabaki. Na msikimbilie moto mkubwa, anzeni na vijiti likauke taratibu.

Mama mkwe ameshaagiza mkate wa mofa. Mtama uko tayari!