Manase naye aliomba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeelemewa na jambo lililotokea jumuiyani kwetu, huku Kigogo. Mama mmoja aliomba tumkumbuke kijana wake anayetumia unga, yaani heroini. Mzee mmoja akamjibu, tena kwa upole kabisa: "Mama, yule tumeshamwombea sana. Sasa tumwachie Mungu." Watu wakaitika amina, tukahamia kwenye ombi la ada ya shule.

Nimelala na ile amina siku kadhaa. Ndipo nikafungua 2 Mambo ya Nyakati 33, kwa mfalme Manase. Mnyang'anyi wa msalabani simgusi leo. Tunamhubiri kila Ijumaa Kuu mpaka tumemzoea. Manase hatujamzoea, na nadhani tunamkwepa.

Alilelewa na Hezekia, mfalme mcha Mungu, akatawala akiwa na miaka 12, akakaa kwenye kiti miaka 55. Madhabahu alizobomoa baba yake, akazijenga upya. Sanamu akaiingiza ndani ya nyumba ya Bwana. Wanawe mwenyewe akawapitisha motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Kitabu cha Wafalme kinaongeza kwamba aliijaza Yerusalemu damu ya watu wasio na hatia. Huyu si kijana aliyeiba sufuria ya mama yake akaiuza. Kisha Waashuri wakamkamata, wakamfunga, wakampeleka Babeli. Huko, katika taabu, akajinyenyekeza sana, akaomba. Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu.

Kusema kweli, habari hii inanipa shida. Nikiwafikiria wale watoto, moyo unagoma. Kwa nini asikiwe? Nimeomba nikitaka jibu la kunituliza, sikulipata. Nilichokiona ni kwamba Biblia haifichi hasara. Amoni mwanawe alifuata ule ubaya wa mwanzo, si ile toba ya mwisho. Na miaka mingi baadaye, Yuda inapoangamia, Wafalme wanaitaja tena damu ile. Msamaha ulikuja kweli, na waliokufa hawakurudi. Yote mawili yameandikwa, nasi hatuna ruhusa ya kufuta moja ili lingine litukae vizuri.

Ndiyo maana simwambii yule mama aache kuficha simu na pochi, au amfungulie mlango usiku akija na wenzake. Wapo wanaomwambia hivyo, eti ndiyo upendo. Mama, funga mlango wako na uombe. Hayo mawili hayagombani.

Maneno yangu makali ni kwetu sisi tusioibiwa kitu. Tunaimba kwamba damu ya Yesu inaosha kila doa, halafu tukipita pale chini ya daraja wanapokaa mateja tunapandisha kioo cha gari. Tunamtaka Paulo aliyekwisha kuokoka, yule wa nyaraka, anayejiita wa kwanza wa wenye dhambi. Sauli anayeingia nyumba kwa nyumba kukamata watu, hatumtaki jumuiyani. Nani alitupa sisi kazi ya kupima ni nani amezidi? Isaya anasema mkono wa Bwana haukupunguka hata usiweze kuokoa. Kilichopunguka ni uvumilivu wetu, kisha tukausingizia mpango wa Mungu.

Na jambo hili nalisema kwa sababu limewaumiza wengi. Tangu 2011 hospitali ya Muhimbili wanatoa methadoni kwa walioathirika na heroini, na baadaye Mwananyamala na Temeke wakafuata. Mtu anakwenda kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi. Sasa kuna watumishi wanaomwambia kijana, "Ukiwa na imani utaiacha hiyo dawa Jumapili hii." Mpendwa, yule mwenye presha mbona humwambii atupe vidonge vyake? Kijana akiacha dawa ghafla, arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ikamrudisha kwenye unga, utamsimamisha tena madhabahuni atoe ushuhuda? Acheni hayo, kwa jina la Yesu.

Labda mmoja wenu amemsomea tafakari hii ndugu yake aliyekaa kibarazani hataki kuingia ndani. Basi namsemesha yeye. Kaka, dada, Manase aliomba akiwa amefungwa, katika nchi ya watu, hekalu liko mbali na amelichafua kwa mikono yake mwenyewe. Hakusubiri awe msafi kwanza. Nawe usisubiri. Waebrania wanasema Yesu aweza kuwaokoa kabisa wao wamjiao Mungu kwa yeye. Omba ukiwa hivyo hivyo, hata mwili ukiwa unauma, hata kama neno linalotoka ni "Bwana" tu. Kesho asubuhi nenda kituo cha methadoni, na ukiogopa kwenda peke yako, mwombe huyo anayekusomea akusindikize.