Mdogo wangu na mashine ya uongo

Mdogo wangu aliomba kazi ya upolisi kwenye mji mmoja hapa Texas, na kila hatua alikuwa anapita, mbio akapita, mtihani wa kuandika akapita, intavyuu akapita, afisa akaja mpaka kwa majirani kuulizia tabia zake, ikabaki poligrafu tu, yaani ile mashine ya kupima uongo. Hapo ndo akakwama.

Usiku ule akanihadithia jikoni, chai imepoa mbele yake. Wanakufunga mipira miwili, kifuani na tumboni, ya kusoma pumzi, mkononi wanakuvalisha ile ya presha kama hospitali, vidoleni vidude vya kupima jasho, halafu unaambiwa angalia ukutani usitikisike. Ile ya presha inabana mpaka vidole vinakufa ganzi. Akaulizwa umewahi kumuibia mwajiri? Akajibu hapana, "ila dada, papo hapo nikakumbuka ile hela niliyochomoa kwenye droo ya dukani kwa mjomba Tanga, nilikuwa na miaka 10, moyo ukaanza kwenda mbio nikajua imeshaniona." Na kweli mpimaji akamwambia kuna kitu unaficha. Siku nne baadaye ikaja imeili ya mistari miwili, hujafaulu, hakuna sababu wala pa kukata rufaa.

Toka siku hiyo nasoma kuhusu hii mashine mpaka usiku wa manane. Inachopima ni presha, pumzi na jasho, basi, na mtu mkweli mwenye hofu anatoka jasho lile lile la mwongo. Mwongo asiyetetemeka anapita zake. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, akapimwa 1986, akapimwa tena 1991, zote akapita, wakaja kumkamata 1994! Mwaka 2003 wanasayansi wa baraza la taifa la utafiti la Marekani walitoa ripoti na wakapiga hesabu: chukua wafanyakazi 10,000 wenye majasusi 10 ndani yao, ukitaka mashine iwanase 8, itawaangusha na watu karibu 1,600 wasio na kosa lolote. Hao 1,600 ni akina mdogo wangu.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki, toka 1988 kuna sheria ya nchi nzima inayokataza kampuni binafsi nyingi kumpima hivi mtu anayeomba kazi, lakini serikali ikajitoa yenyewe, ya shirikisho, ya majimbo mpaka ya miji, kwa hiyo anayeomba upolisi sheria hiyo haimkingi. Huku Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakubali mwaka 1998 kwamba mahakama za kijeshi zina haki ya kuyakataa kabisa majibu ya poligrafu kama ushahidi.

Polisi wanasema mtu akikaa kwenye kile kiti anakiri mambo ambayo asingeyasema, na hawataki kumkabidhi bunduki mtu mwenye mabaya yake. Hata mimi sitaki, nina watoto hapa. Lakini mtu akikiri, hayo ni maneno yake, yafuatilieni, pigeni simu kazini kwake kwa zamani, kaeni na majirani kama mlivyokaa. Asiyekiri chochote msimwangushe kwa mchoro wa mashine peke yake, na mkimkataa mpeni sababu kwa maandishi. Jimbo la Massachusetts sheria yao inakataza mwajiri yeyote kumpima mwombaji kazi, polisi wakiwemo, na wanaajiri polisi kila mwaka.

Jana nimemkuta anajaza fomu ya mji mwingine. Kuna swali, umewahi kufanyiwa poligrafu kwingine, majibu yalikuwaje. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu, nikajifanya naosha vyombo. Akaandika ukweli wote, hadi hela ya mjomba.